Upatanishi wa kesi ya ulezi Malindi: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Natoa nyota nne kwa upatanishi wa kesi za watoto, ule ambao mahakama inakupeleka kwa mpatanishi kabla kesi haijasikizwa. Naandika nikiwa shangazi. Kaka yangu ni nahodha wa mashua ya watalii Lamu. Mtalaka wake, wifi yangu hadi leo, anaishi hapa Malindi na binti yao wa miaka minane. Mimi ni fundi wa nguo, nyumba yangu iko Barani, na kwa kuwa mtoto akitoka Lamu hufikia kwangu, mvutano wao wote ulipitia mlangoni pangu. Wazazi wote wawili wameniruhusu kuandika. Yaliyosemwa chumbani kwa hasira ni siri, na kisheria hayawezi hata kupelekwa mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo yamebaki huko. Mpatanishi simtaji wala jengo silitaji. Nitaeleza jinsi kazi inavyofanywa, na yale waliyokubaliana ambayo wote wawili wameridhia yajulikane.

Kipimo nilichokwenda nacho kilikuwa kimoja: je, baba na mama wanapokewa kwa heshima iliyo sawa? Nina sababu ya kupima hivyo. Wanangu wawili walipokuwa wadogo nilikwenda kudai masurufu yao katika ofisi moja. Yule bwana aliyekaa mezani aliniuliza nimemkosea nini mume wangu hata akaniacha, kabla hajaniuliza nina watoto wangapi na wamekula nini. Miaka ikapita, kaka yangu akaenda ofisi nyingine kuuliza atampata vipi binti yake wakati wa likizo. Akajibiwa kwamba mwanamume alete pesa kwanza, mambo ya kumwona mtoto yatazungumzwa baadaye. Pesa alikuwa analeta, na jumbe za M-Pesa alikuwa nazo kwenye simu. Hakuna aliyetaka kuzitazama. Mimi nilichukuliwa kuwa mke mkorofi, yeye akachukuliwa kuwa mtoa pesa na si zaidi, na katika ofisi zote mbili hakuna aliyeuliza habari za watoto. Ndiyo maana nilipoingia kwenye chumba cha upatanishi nilikuwa nasikiliza swali la kwanza litakuwa lipi.

Talaka yao ilipita kwa Kadhi, ikaisha kwa ustaarabu. Ugomvi ulikuja baadaye. Likizo mbili mfululizo kaka yangu aliahidiwa mtoto asiletwe: mara ana homa, mara kuna harusi ya mama mdogo. Likizo ya Agosti ilipofika alimpata, na shule zilipofunguliwa hakumrudisha. Mtoto akabaki Lamu, darasa la Malindi linaendelea bila yeye. Wifi akafungua kesi katika mahakama ya watoto. Hakimu aliposoma faili aliona wazazi wawili wanaomtaka mtoto mmoja, hakuna kipigo, hakuna ulevi. Akaagiza mtoto arudi shule, na faili liende kwa mpatanishi.

Kwa wasioujua utaratibu huu: ulianza Nairobi mwaka 2016, ukaenea kwenye mahakama nyingine nchini Kenya. Mpatanishi si hakimu. Hana uwezo wa kuamua mtoto akae na nani. Kazi yake ni kuwakalisha wazazi mpaka wapate maneno ambayo wote wawili wataweza kuyatia sahihi. Kanuni zinampa siku 60, na zikiongezwa ni kidogo tu, kwa hiyo hakuna kuahirishana mwaka mzima. Wakikubaliana, karatasi inarudishwa mahakamani na kupewa nguvu ya amri. Atakayeivunja anaivunja amri ya mahakama. Wakishindwa, faili linarudi kwa hakimu na kesi inasikizwa kama kawaida. Mpatanishi hatukumlipa hata shilingi. Wakili unaweza kwenda naye. Wetu hakuna aliyekuwa na wakili.

Tulipangiwa chumba cha juu, karibu na soko, meza ya mviringo na feni inayopiga kelele. Mpatanishi alikuwa mama wa makamo, wote tukamwita Mwalimu. Swali lake la kwanza, wallahi nilimwangalia mara mbili, lilikuwa: "Mtoto anaamka saa ngapi?"

Akawapa kila mmoja karatasi. Waandike siku ya mtoto tangu alfajiri mpaka anapolala, kwa jinsi wanavyoijua. Kaka yangu aliandika mistari michache akakwama. Hakujua jina la mwalimu wa darasa, hakujua kwamba madrasa ya jioni imehamishwa, hakujua kwamba mtoto hukohoa usiku wakati wa baridi na dawa gani anapewa. Aliona haya, nikamwona anashika shika kofia. Kisha Mwalimu akamgeukia wifi na maswali ya upande wa pili. Akiwa Lamu, mtoto analala na nani? Binamu zake ni akina nani? Bibi yake anamfundisha nini? Wifi naye akakwama. Hakujua kwamba binti yake tayari anasuka ukili na nyanyake barazani, wala kwamba babake amemfunza kuogelea. Mwalimu hakumlaumu yeyote. Alisema tu kwamba mtoto huyu ana maisha mawili, na kila mzazi analijua moja, basi kazi yetu ni kuhakikisha mtoto hapotezi hata moja. Kuanzia hapo hasira ilipungua chumbani. Nimeona mashehe wakisuluhisha, nimeona wazee wa mtaa, nimeona mahakimu. Sijaona mtu aliyewaweka baba na mama sawa upesi kiasi hicho.

Sasa kuna jambo la dini, na hili nataka nilieleze kwa kituo kwa sababu huku kwetu ndilo linalochoma zaidi. Upande wetu wazee walikuwa wamemjaza kaka yangu maneno kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba, basi amchukue. Upande wa wifi walikuwa wanasema mtoto wa kike hatoki kwa mamake mpaka aolewe. Kila upande uliapa kwamba ndivyo dini ilivyo. Kaka yangu alimuuliza shehe mwenye elimu kabla ya kikao cha pili, na jibu alilopewa halikumpendelea mtu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Lamu na Malindi tunayafuata, mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya hadhana, yaani kukaa na mtoto na kumlea, mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao hukadiriwa miaka saba. Akishafika hapo hanyakuliwi na baba. Anahiyarishwa mwenyewe, achague. Na muda wote huo, akae kwa nani, masurufu ni juu ya baba. Tena Qur'ani, katika Sura ya Baqara aya ya 233, imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Wote wawili wametajwa katika aya moja. Ningependa maneno hayo yasomwe barazani kila panapotajwa talaka yenye watoto.

Likabaki suala la ndoa mpya. Wifi alikuwa ameposwa. Kwa fiqhi, yaani sheria za dini, mama akiolewa na mtu asiye maharimu wa mtoto (jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa), haki yake ya hadhana huweza kuondoka, na kaka yangu alikuja na hoja hiyo mfukoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaoa Lamu, mwaka mzima umepita, na hakuna aliyemuuliza lolote. Mimi ni dada yake na nampenda, lakini hapo nilitaka kusikia. Mwalimu hakubishana na dini wala hakuidharau. Alichofanya ni kumuuliza kila mzazi maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nyumba mtakayokaa ina vyumba vingapi? Mtoto atalala chumba gani, na nani? Huyo mke mpya, huyo mume mtarajiwa, ameshaongea na mtoto? Anaitwa nani na mtoto? Nani atamwadhibu akikosa? Kaka yangu alijibu, wifi akajibu. Ilibainika kwamba kwa kaka yangu mtoto alikuwa analazwa sebuleni, na kwa yule mchumba hakukuwa na chumba kabisa. Wote wawili wakapewa kazi ya kwenda kurekebisha. Kaka yangu akarudi Lamu akajenga kizuizi cha mbao na kutia mlango. Wifi akamwambia mchumba wake ndoa isubiri nyumba. Na mchumba, Mungu ambariki, akasubiri.

Sheria nayo iko upande wa maswali ya namna hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imesema wazi kwamba hakuna mzazi mwenye haki iliyo juu ya mwenzake. Kabla yake, sheria ya 2001 ilimpa mama asiyeolewa wajibu wa kwanza peke yake, na baba alitakiwa aupate baadaye kwa njia zake. Watu husema sheria ile iliwapendelea kina mama. Mimi nilikuwa mama wakati huo na sioni upendeleo wowote. Baba aliyetaka kulea ilimfungia mlango, na baba asiyetaka ilimpa pa kujificha, mzigo wote ukabaki kwa mwanamke. Mwalimu alilieleza hili kwa Kiswahili chepesi: usawa uliomo kwenye sheria ni wa wajibu, na siku za kukaa na mtoto hupangwa kwa kutazama maslahi ya mtoto kwanza. Nusu kwa nusu ya kalenda haikuahidiwa mtu. Kwa wazazi ambao mmoja yuko Malindi na mwingine yuko kisiwani, nusu kwa nusu ingekuwa kumlea mtoto ndani ya basi.

Na safari hiyo ilichukua muda mrefu mezani, ikastahili. Kutoka Malindi unapita Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti mpaka jeti ya Lamu. Mtoto wa miaka minane hawezi kupandishwa basi peke yake akakabidhiwa makanga. Nani atamsindikiza, nani atalipa nauli ya mtu mzima ya kwenda na kurudi, na basi likichelewa Mokowe mtoto atalala wapi? Walikubaliana kwamba baba anakuja kumchukua Malindi kwa nauli yake, na mama anamfuata Mokowe kwa nauli yake. Makabidhiano ya Malindi yawe kwangu, ili wasikutane stendi na kuanza maneno mbele ya watu. Saa ya kufika imeandikwa. Basi likiharibika, mwenye mtoto apige simu kabla ya magharibi. Ni mambo madogo mtu akiyasoma, lakini kila ugomvi wao wa nyuma ulitokana na moja ya haya.

Masurufu nayo yalipangwa kwa akili ambayo sijaiona kwingine. Nahodha hana mshahara. Wageni hujaa Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, wakarudi Agosti. Aprili, Mei na Juni, mvua na kusi, mashua imekaa na yeye anapaka dawa ubao. Angeandikiwa kiasi kimoja kwa miezi yote, kufikia Juni angekuwa mdaiwa, na deni la masurufu likirundikana linaweza kumfikisha mtu jela, ambako hatapata hata hiyo kidogo ya kumtumia mtoto. Wifi ndiye aliyelipinga hili mwanzo, na alikuwa na haki: tumbo la mtoto halina msimu. Basi wakaandika kiwango cha chini kisichoguswa, shilingi 6,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na shilingi 12,000 miezi ya wageni. Karo anailipa baba moja kwa moja shuleni. Mama analipa madrasa na sare, kwa sababu naye anafanya kazi dukani na alisema mwenyewe hataki mtoto aambiwe amelelewa na mtu mmoja. Sare nashona mimi, hiyo haikuandikwa.

Kisha sikukuu. Kaka yangu alitaka binti awe Lamu kila Maulidi, aende msikiti wa Riyadha na binamu zake kama alivyokwenda yeye utotoni. Wifi hakukataa, ila Maulidi hufuata mwezi wa Kiislamu na kila mwaka husogea nyuma, mara huangukia likizo, mara katikati ya mitihani. Waliandika kwamba ikiangukia siku za shule, mtoto aende mwisho wa juma la kufunga sherehe tu, arudi Jumapili. Idd moja kwa mama, ya pili kwa baba, mwakani wanabadilishana. Simu kila jioni baada ya magharibi, na mzazi aliye na mtoto asikae pembeni kusikiliza. Kipengele hiki cha mwisho aliomba mtoto mwenyewe, kupitia afisa wa watoto aliyezungumza naye faragha. Alisema akiongea na babake anataka kwenda uani.

Mnauliza basi nyota ya tano imekwenda wapi.

Kwanza, karatasi ya makubaliano iliandikwa kwa Kiingereza. Mazungumzo yote tulifanya kwa Kiswahili, kila neno, halafu kilichotiwa sahihi kikatoka kwa lugha ambayo kaka yangu huisoma kwa kukisia. Mwalimu alitusomea na kutufasiria, sina shaka na uaminifu wake. Lakini amri itakayomfunga mtu inapaswa awe nayo nyumbani kwa lugha yake, aitoe kabatini aisome wakibishana saa nne usiku. Mimi nimewaandikia nakala ya Kiswahili kwenye daftari, na hiyo ndiyo wanayoitumia, ingawa haina muhuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba hiyo hiyo, sioni sababu ya karatasi ya mtoto wa Pwani kutoka bila nakala yake.

Pili, baada ya sahihi hakuna anayefuatilia. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo migumu, na hakuna simu hata moja iliyopigwa kuuliza mnaendeleaje. Ikivunjika, njia ni kurudi mahakamani kulalamika, na hapo uadui unaanza upya. Simu moja tu ya mwezi wa kwanza ingetosha. Wifi alichelewa Mokowe mara moja kwa sababu ya barabara, na kama si mimi kupiga simu huku na huku, hilo lingekuwa faili jipya.

Na kuna watu ambao siwashauri kabisa waende huko. Mama anayepigwa, au mwenye mume anayemtishia, asikubali kukalishwa meza moja naye eti wapatane. Aseme wazi mahakamani, mapema, ili kesi isikizwe na hakimu. Baba ambaye mtoto wake anaumizwa nyumbani kwa mama vivyo hivyo. Namba ya simu 116 ya watoto haina malipo, usiku na mchana, na afisa wa watoto hamlipishi mtu. Upatanishi unawafaa wazazi ambao kila mmoja anaweza kusema "hapana" bila kuogopa akitoka nje.

Ukienda, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya ndoa au ya talaka, ripoti za shule, kadi ya hospitali, na rekodi za pesa ulizotuma au kupokea. Beba pia kalenda ya shule yenye tarehe za mihula, maana bila hiyo mtapanga hewani. Ndugu msiende kundi. Sisi tulikwenda watu wanne siku ya kwanza na Mwalimu akaturudisha nje kwa adabu, akanibakiza mimi kwa ridhaa ya wote wawili kwa kuwa makabidhiano ni kwangu.

Makubaliano ya mtoto hayafungwi milele. Hali ikibadilika wazazi wanaweza kurudi kuyarekebisha. Yao yatahitaji hivyo karibuni, kwani ndoa ya wifi imefungwa na nyumba mpya iko Muyeye, mbali kidogo na shule. Kwa kaka yangu, kuja kikao ni kuacha mashua na kulala Malindi, na ikiwa ni Januari hiyo ni hasara kubwa. Aliyewahi kukubaliwa kufanya kikao kwa video akiwa Lamu, Faza au Kiunga, mwenzake akiwa huku, tafadhali aniandikie hapa chini aliomba vipi na ilimchukua muda gani kujibiwa.